Mashine isiyokuwa na sauti haijatengenezwa

Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wanaona ni kidogo, lakini kinakula makuta yetu. Mtu anapeleka ordinatere yake kwa fundi juu imejaa virusi ao imekuwa nzito. Fundi anaiformate, anaweka Windows mpya, anaomba malipo. Mwenye mashine anafika nyumbani, anawasha jenereta ao anaunga kwenye batri ya sola, anafungua filamu. Sura zinakatika-katika, herufi zimekuwa kubwa kama za kitabu cha watoto, na sauti hakuna hata kidogo. Anarudi kwa fundi. Fundi anamwambia: "Mukubwa, karte ya sauti imekufa. Inapashwa tutafute ingine."

Mara nyingi maneno hayo haiko kweli. Karte iliyokuwa inaimba asubuhi haifi jioni kwa sababu ya kuformate. Kilichokosekana ni piloti. Ninasema wazi tangu mwanzo: fundi anayerudisha mashine bila sauti na bila picha nzuri hajamaliza kazi, na sisi tunaolipa bila kujaribu tunamfundisha kuendelea hivyo.

Piloti ni mkalimani

Hapa kwetu kila mtu anajua kazi ya mkalimani. Mnunuzi anatoka mbali, hajui Kiswahili wala Kibangubangu. Mchimbaji ana dhahabu yake kidogo ndani ya karatasi. Bila mkalimani wataonyeshana vidole: kimoja, viwili, vitatu. Biashara itaenda kidogo, lakini bei nzuri haitapatikana, na maneno mengi yatapotea.

Ndani ya mashine ni vile vile. Windows ni mtu mmoja. Karte ya picha ni mtu mwingine, imetengenezwa na Intel, AMD ao NVIDIA. Karte ya sauti ni mwingine tena, mara nyingi ya Realtek. Kila mmoja ana lugha yake. Piloti, ile ambayo vijana wengine wanaita draiva, ni programu inayotafsiri kati ya Windows na karte. Kila karte inataka mkalimani wake, na kila Windows pia: piloti ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64.

Ukiformate, unafukuza wakalimani wote waliokuwa ndani. Windows mpya inakuja na wachache wake wa jumla. Kwa picha, isipopata mkalimani wa kweli, inaweka ile inayoandikwa «Carte vidéo de base Microsoft». Hiyo ndiyo lugha ya vidole. Utaona meza ya kazi, utaandika barua, lakini mwangaza wa ekrani haupungui, televizyo uliyounga kwa kamba ya HDMI inabaki nyeusi, na filamu inakatika kwa sababu kazi yote ya kufungua video inaangukia prosesa peke yake.

Kwa sauti, mara nyingine mkalimani wa jumla anatosha. Asipotosha, sauti haina lugha ya vidole: inakuwa kimya kabisa, na pale chini upande wa kuume unaona alama ya spika yenye msalaba mwekundu. Tena, sauti inayopita ndani ya HDMI kwenda kwenye televizyo inategemea piloti za karte ya picha. Kwa hiyo mtu anaweza kuweka piloti ya Realtek, akasikia sauti kwenye mashine, na televizyo ikabaki bubu. Asishangae. Amemleta mkalimani mmoja, wa pili bado.

Kwa nini tunaona ugonjwa huu sasa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10, ile iliyotoka mwaka 2015. Mashine haikuzimika siku hiyo, lakini masasisho ya kawaida ya kuziba matundu ya virusi yaliishia hapo. Windows 11 inakataa mashine nyingi za zamani: inataka kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, karibu zote za kabla ya kizazi cha 8 ziko inje. Mashine tunazonunua huku kwetu nyingi ni za okazio. Zinapita Bukavu, Uvira ao Kalemie, zinaformatiwa haraka-haraka ili ziuzwe, na zikifika Maniema zinaformatiwa tena. Kila mara wakalimani wanafukuzwa.

Kuna mafundi wengine wanaorudi nyuma mpaka Windows 7 wakisema iko nyepesi. Windows 7 iliachwa tangu tarehe 14 Januari 2020. Mbaya zaidi, ukiiweka kwenye mashine mpya zaidi ya Intel, unaweza kutafuta piloti ya picha ya Windows 7 usiione. Hapo fundi hana kosa la mikono, ana kosa la kuchagua. Amemwoa mtu na mtu ambao hakuna mkalimani duniani anayejua lugha zao mbili.

Nani anaumia

Watu wa mjini wanaweza kusema: sauti ya ordinatere ni mchezo tu. Waje waone kwenye karyere.

Tuseme mama mmoja ana chumba cha filamu karibu na mashimo. Ana jenereta, televizyo, spika mbili na mashine moja ya okazio. Jioni wachimbaji wanatoka shimoni, wameoga, wamekula bukari, wanalipa franga kidogo waangalie filamu ao mpira uliorekodiwa. Makuta hayo ndiyo yanalipa masomo ya watoto wake. Siku mashine inaporudi bila sauti na bila HDMI, chumba kinafungwa. Kama fundi atamwambia karte imekufa, atauza mashine kwa bei ya chuma, na mtu atakayeinunua ataweka piloti kwa dakika 20 na kuiuza tena kwa bei ya mashine nzima. Biashara ya namna hiyo iko. Mwenye kujua anakula mwenye kutojua, sawasawa na mizani ya uongo.

Ao chukua kijana wa darasa la sita la sekondari anayejitayarisha kwa Examen d'État. Kaka yake aliye Kindu alimtumia kwenye flashi masomo ya hesabu ya video. Mwalimu anaandika ubaoni, midomo inacheza, kijana hasikii kitu.

Ao chukua familia iliyofiwa na baba ndani ya shimo, na video ya matanga iko ndani ya mashine hiyo. Wanataka wazee waliokuwa mbali wasikie maneno yaliyosemwa siku ile. Kwa familia hiyo, sauti ndiyo mali.

Hata koperative zetu zinaguswa. Tangu sheria ya mines iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, mchimbaji wa mikono anapashwa kufanya kazi ndani ya koperative iliyokubaliwa. Koperative ina karatasi, ina hesabu, na nyingi zina ordinatere moja ambayo kila mtu anaitegemea. Mafunzo juu ya usalama wa mashimo yanaweza kuja kwa video. Mashine bubu inawanyima wachimbaji maneno ambayo yangeweza kuwaokoa.

Tumsikilize fundi pia

Haiko haki kumhukumu mtu bila kumsikiliza. Fundi wetu naye ana maneno yake, na mengine ni ya kweli.

Anasema: "Intaneti iko bei." Ni kweli. Piloti ya karte ya NVIDIA peke yake inaweza kupita mega 500. Kununua forfait ya kushusha kitu kama hicho, mahali ambapo rezo inakuja na kwenda, inaweza kula faida yake yote.

Anasema: "Mteja anataka bei ndogo na anataka leo." Nayo ni kweli. Tunakuja saa nane tukitaka mashine saa tisa, halafu tunabishana mpaka bei inashuka nusu. Mtu aliyelipwa nusu anafanya nusu.

Anasema: "Nilijifunza peke yangu, hakuna aliyenifundisha piloti." Ndiyo, na tunamheshimu kwa hiyo. Watu wengi wanaotengeneza mashine huku walijifunza kwa macho na kwa kujaribu, sawa vile wachimbaji walivyojifunza kusoma rangi ya mchanga.

Lakini dawa ya kwanza ya ugonjwa huu haiombi intaneti hata mega moja. Inaomba dakika chache kabla ya kuformate. Kama Windows ya zamani bado inafunguka, wakalimani wote bado wako ndani. Watoe kwanza, uwaweke pembeni, kisha format. Anayesema intaneti iko bei, na hakuhifadhi piloti zilizokuwa mbele yake bure, hoja yake imeanguka.

Namna ya kuhifadhi

Unga flashi ao disiki ya inje. Tuseme mashine inaiita D. Tengeneza ndani yake dosye, iite piloti. Fungua «Invite de commandes» kwa kubonyeza kitufe cha kuume na kuchagua «Exécuter en tant qu'administrateur». Andika mstari huu:

dism /online /export-driver /destination:D:\piloti

Kwenye Windows 10 na 11, mashine itakopia piloti zote zilizoongezwa ndani yake, moja kwa moja, mpaka mwisho. Piloti za jumla zinazokuja na Windows yenyewe haitazichukua, na hazihitajiki, sababu Windows mpya itakuwa nazo. Andika jina la mashine juu ya dosye hiyo.

Baada ya kuformate, unarudisha wakalimani nyumbani kwa mstari mwingine, tena kama administrateur:

pnputil /add-driver D:\piloti\*.inf /subdirs /install

Kisha zima mashine na uiwashe tena. Kama Windows ya zamani na mpya ni za biti sawa, 64 kwa 64, mara nyingi sauti na picha zinarudi bila jasho.

Na kama Windows ya zamani imekataa kufunguka? Bado kuna njia. Toa disiki, iunge kwenye mashine ingine, ingia ndani ya Windows, System32, DriverStore, utaona dosye inayoitwa FileRepository. Kopia yote. Piloti za zamani ziko mle. Fundi anayefuta disiki bila kuchukua dosye hiyo anatupa mchanga kabla ya kuuosha.

Kama maji yamekwisha mwagika

Wengi wanaosoma hapa mashine yao imekwisha formatiwa. Wasivunjike moyo. Waanze na mambo madogo: angalia kama sauti haikufungwa kwa kitufe cha kibodi, na kama mashine haikuchagua kutoa sauti kwenye HDMI wakati hakuna televizyo. Kama hayo ni sawa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua «Gestionnaire de périphériques». Pale utaona orodha ya viungo vyote vya mashine. Chenye pembetatu ya manjano hakina piloti ao piloti yake ni mbaya. Angalia hasa chini ya «Autres périphériques», «Cartes graphiques» na «Contrôleurs audio, vidéo et jeu».

Hatua ya pili: jua jina kamili la mashine. HP ao Dell peke yake haitoshi, sawa vile kusema "ninatoka Maniema" hakumsaidii mtu kupata nyumba yako. Geuza mashine, soma karatasi iliyo chini yake. Dell ina namba ya huduma ya herufi na tarakimu 7. HP na Lenovo zina namba zao za seri. Kama karatasi imefutika, fungua msinfo32, utaona modeli. Andika kwenye kikaratasi. Mtu wa kwanza anayekwenda mahali penye rezo nzuri, Kasongo ao Kindu, apewe kikaratasi hicho na flashi. Kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine, anaweka namba, anachagua Windows inayofaa, anashusha piloti tatu: ya chipset, ya picha, ya sauti. Simu inaweza kuzishusha, si lazima ordinatere. Wakati wa kuziweka, anza na chipset, kisha picha, kisha sauti, na kuwasha upya kila inapoombwa.

Kama jina la mashine halijulikani kabisa, karte yenyewe itajitaja. Kwenye Gestionnaire, bonyeza mara mbili kile chenye pembetatu, ingia «Détails», chagua «Numéros d'identification du matériel». Utaona maandiko yenye VEN na namba. VEN_8086 ni Intel. VEN_10DE ni NVIDIA. VEN_1002 ni AMD. Kwa sauti, VEN_10EC ni Realtek. Namba inayofuata, ile ya DEV, inaonyesha modeli. Piga picha maandiko hayo kwa simu. Fundi wa mbali atajua ni piloti gani akutumie.

Kama rezo iko mahali ulipo, na mashine haina hata piloti ya wifi, tumia kamba ya USB ya simu. Unga simu ya Android kwenye mashine, washa «Partage de connexion» kwa USB. Windows 10 na 11 kwa kawaida zinaitambua simu bila kuomba piloti ya ziada. Kisha ingia Windows Update, tafuta «Mises à jour facultatives», mara nyingi piloti zinazokosekana ziko zinangoja mle. Angalia mega zako, sababu Windows ikionja intaneti inaweza kuanza kushusha mambo mengine makubwa.

Kitu kimoja tusikifanye: programu zile zinazojitangaza kwamba zitapata piloti zote kwa kubonyeza mara moja. Nyingine zinaomba malipo kwa kitu ambacho Intel, Realtek ao HP wanatoa bure. Nyingine zinaleta virusi vile vile tulivyoformate juu ya kuvifukuza. Na zile CD za «piloti zote» zinazozunguka sokoni bila mtu kujua zilitoka wapi, tusiziweke kwenye mashine ya koperative.

Kabla ya kusema imekufa

Kuna mtihani ambao ninauomba kwa nguvu. Kabla fundi hajatangaza kifo cha karte, aonyeshe maiti. Chukua flashi iliyowekwa Ubuntu, ile sisteme ya Linux inayotolewa bure. Washa mashine kutoka kwenye flashi hiyo na uchague kujaribu bila kuinstale. Linux inakuja na piloti nyingi za picha na sauti ndani yake. Haigusi disiki yako ukiwa kwenye kujaribu tu. Fungua wimbo ao video. Kama sauti inatoka pale, karte ni nzima, kosa liko kwenye piloti za Windows, na hakuna haja ya kununua kitu. Kama sauti haitoki hata pale, jaribu kwa ekutere, kwa sababu labda ni spika ndogo za ndani ndizo zimekatika. Baada ya hapo ndipo tunaweza kuanza kuongea juu ya kifo.

Na hata karte ikiwa imekufa kweli, kuna vikarte vidogo vya sauti vya USB ambavyo vinaungwa inje na Windows inavitambua yenyewe. Hiyo ni bei ndogo kuliko kutupa mashine. Fundi anayejua na hakuambii hivyo, jiulize kwa nini.

Ninachoomba

Kwa sisi wateja: tusilipe kabla ya kujaribu. Mambo manne yanatosha. Fungua video na uiache dakika 5. Sikia sauti kwenye spika za mashine na kwenye ekutere. Unga HDMI kama unaitumia, uone picha na usikie sauti kwenye televizyo. Fungua Gestionnaire, usione pembetatu ya manjano hata moja. Mashine ikifaulu, lipa bila kubishana. Na kama piloti zilishushwa kwa intaneti, lipa mega pia. Fundi naye ana watoto. Tukitaka kazi nzima, tuache kulipa nusu.

Kwa mafundi: andikeni bei wazi. Format ni bei hii, na piloti ziko ndani yake. Msiwe na bei ndogo ya kuvuta mtu halafu bei ya pili ya kumrudishia sauti yake mwenyewe. Hifadhini kabla ya kufuta. Kijana akifanya hivyo kwa mwaka mmoja, atakuwa na disiki yenye piloti za mashine karibu zote zinazozunguka kati ya Kasongo na Salamabila, na hatahitaji tena kukimbilia rezo. Hiyo ni mali. Wateja watatoka mbali kumtafuta.

Kwa koperative, mashule na makanisa: nunueni disiki moja ya inje. Wekeni ndani yake piloti za mashine zenu, kila dosye na jina lake, pamoja na flashi ya Ubuntu. Ikae kwa sekretere, ndani ya kabati, mbali na vumbi. Piloti si siri ya mtu, kampuni zinazitoa bure kwa mwenye mashine. Mashine ya koperative ikiharibika mwezi wa mvua, wakati barabara imekuwa matope na moto haifiki Kasongo, disiki hiyo itaokoa kazi ya watu wengi.

Najua wengine watasema: tuache ordinatere, simu inatosha. Simu inafaa mambo mengi. Lakini huwezi kuendesha chumba cha filamu kwa simu, huwezi kuandika vizuri hesabu za watu 60 kwa simu, na mtoto anayetaka kusomea informatike huko mbele hataanzia kwenye ekrani ya kiganja. Mashine moja ya okazio ndani ya kijiji ni shule ndogo. Tusiiue kwa sababu ya programu ambayo inatolewa bure.

Kwenye mashimo yetu sheria tunaijua bila kuandika. Mtu aliyepewa kazi ya kuweka miti ya kukinga udongo, akaweka nusu na kwenda zake, hakuna PDG wa shimo atakayemlipa yote, na hakuna mchimbaji atakayekubali kushuka. Tunaangalia kwanza, tunagonga mti kwa mkono, ndipo tunashuka. Mashine ya nyumbani haiui mtu, kweli. Lakini ilinunuliwa kwa makuta yaliyotoka chini ya miti ile. Tuigonge nayo, tuisikilize, ndipo tulipe.